Nimekubali: wosia kwa wanangu wa chumba cha seva

Wanangu,

Wiki hii ikiisha sitakuwa tena na ufunguo wa chumba hiki. Mmeniita Mama kwa miaka mingi, hata wale mnaonizidi kwa ujuzi wa haya mambo mapya, nami nimezoea kuitika. Basi naandika kama mama anavyowaachia watoto maneno huku anafunga mizigo. Siandiki yote ninayoyajua, ila lile moja ambalo nisipolisema litaninyima usingizi huko niendako Pangani.

Nilianza kazi hii tukitumia dBase kwenye kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi ili isiingie vumbi. Zikaja PHP na MySQL, zikaja Python na PostgreSQL, na kesho mtaleta kingine. Hayo yanapita. Lililobaki mkononi mwangu ni neno moja, na neno lenyewe ni letu tangu zamani: muamala.

Tangu M-Pesa ilipoingia Kenya Machi 2007, na kwetu Tanzania mwaka uliofuata, neno hili limeshuka sokoni hadi kwa muuza dagaa. Lakini wazee wa pwani walikuwa nalo kitambo. Walilipata kwenye fikihi, ambako muamala ni shughuli ya watu wanaopeana kitu: kuuza, kukodisha, kukopeshana. Na muamala haukamiliki kwa kukaribia kukamilika. Kuna ijabu, mmoja anatoa neno, na kuna kabuli, mwenzake analipokea. Kabla ya kabuli hakijauzwa kitu, hata kama mmevutana bei asubuhi nzima na kahawa mmeshakunywa. Baada ya kabuli kimeuzwa, hata kama mvua inanyesha na mbuzi bado yuko zizini kwa mwenyewe.

Mmarekani Jim Gray alikuwa miongoni mwa watu waliojenga hifadhidata ya System R pale IBM, San Jose, katika miaka ya 1970. Mwaka 1981 aliandika makala juu ya dhana ya muamala, na hoja yake aliianzia hapo hapo: kwenye sheria ya mikataba. Watu wanajadiliana, wanafunga mkataba, na ukishafungwa unawabana wote. Tena akatolea mfano wa ndoa. Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikacheka kwa furaha, maana nilikuwa najifunza kwa Kizungu kitu ambacho babu yangu alikuwa akikifundisha barazani. Mwaka 1998 alitunukiwa Tuzo ya Turing. Januari 2007 alitoka San Francisco peke yake na mashua yake ya tanga, akielekea visiwa vya Farallon kumwaga majivu ya mama yake, na hakuonekana tena. Sisi tuliozaliwa kando ya bahari tunaujua uzito wa habari kama hiyo.

Mfano wake wa ndoa mimi nauona kwa nikahi ya kwetu. Siku ya kuolewa mtoto wa dada yangu tulikuwa ndani na bibi harusi. Shehe akaja na mashahidi, akasimama nje ya pazia, akamuuliza kama ameridhia kuolewa na fulani kwa mahari kadhaa. Akajibu, lakini sauti haikuvuka hata pazia, shehe akamwomba arudie. Akarudia. Wakaondoka kwenda msikitini. Kuanzia dakika ile yule mtoto alikuwa ameshatoa neno lake, ila hakuwa bado mke wa mtu. Alikaa kitini, hina mikononi, hawezi kunyanyuka, anasubiri. Nasi tukasogea dirishani kusikiliza kipaza sauti cha msikiti. Hotuba ikasomwa, ndefu. Mwishowe tukamsikia bwana harusi: nimekubali. Hapo ndipo vigelegele vikapasua nyumba.

Hakuna aliyepiga kigelegele kabla. Wanangu, kazi yangu yote ya miaka hii naweza kuiweka ndani ya hicho kitendo cha kina mama pale dirishani, wamejaza pumzi na wameziba midomo, wakisubiri neno moja.

Nisikilizeni nilivyojifunza.

Mwaka 2006 nilikiandikia chama kimoja cha akiba na mikopo cha walimu programu ya wavuti. Karani anafungua ukurasa, anaandika namba ya mwanachama na kiasi, anabonyeza "Hamisha". Huku nyuma kulikuwa na mistari miwili: wa kwanza unapunguza akiba, wa pili unaongeza marejesho ya mkopo. Juu ya mistari hiyo niliandika BEGIN na chini yake COMMIT, kama kitabu kilivyofundisha, kisha nikalala usingizi mnono.

Siku moja akaja mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, mkononi ana risiti tuliyomchapia sisi wenyewe. Shilingi 40,000 zilikuwa zimetoka kwenye akiba yake. Kwenye mkopo hazikuingia. Mwisho wa mwezi akatozwa faini ya kuchelewesha fedha ambazo alishalipa. Hakupandisha sauti. Alinyoosha ile risiti juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye neno "Imefanikiwa", akaniuliza, "Mwanangu, hili neno nani kaliandika?"

Nilikuwa nimeliandika mimi.

Ilichukua siku mbili kujua kilichotokea. Usiku wa kuamkia siku ile ya malipo umeme ulikatika, jedwali la mikopo likaharibika, na kila amri iliyolifikia ikarudi na kosa. PHP ya wakati ule ilikuwa hairushi kelele kosa likitokea kwenye hifadhidata. Inakurudishia jibu la "si kweli" na kuendelea na safari yake. Mimi sikulitazama lile jibu. Ukurasa ukateremka hadi chini, ukachapa "Imefanikiwa", kwa sababu ndivyo nilivyouagiza uchape ukifika chini. Na BEGIN yangu? MySQL ya siku zile, usipotaja aina ya jedwali, inakupa MyISAM, aina isiyojua muamala kabisa. Unaiambia anza, inasema sawa. Unaiambia rudisha, inasema sawa, na hairudishi kitu. Inakuachia onyo ambalo usipoliuliza hulioni. Hata kama ningeligundua kosa la mstari wa pili, zile 40,000 za mstari wa kwanza zisingerudi. Ni mpaka toleo la 5.5, mwishoni mwa 2010, ndipo InnoDB, inayojua muamala, ilipokuwa chaguo la kawaida.

Yule mwalimu alirudishiwa fedha zake na faini, nami nikamwomba radhi mbele ya karani. Risiti yake alikubali nibaki nayo. Tangu siku hiyo siiamini hifadhidata kwa kusoma maelezo yake. Naijaribu. Naanzisha muamala, naandika mstari, naurudisha, naangalia kama kweli umetoweka. Kisha naanza tena, na safari hii nachomoa waya wa umeme katikati. Mmeniona nikifanya hivyo na seva ya majaribio, mkadhani ni ukali wa uzee.

Na msiridhike kujua kwamba inafanya kazi, jueni inafanyaje. Mwenye duka pale Ngamiani ana madaftari mawili. Dogo liko kaunta, humo anaandika kila jambo kwa mfuatano linavyotokea: fulani kachukua sukari kilo mbili, fulani kalipa elfu tano. Kubwa liko nyuma, kila mteja na ukurasa wake. Mchana watu wamejaa, hana nafasi ya kufunua kubwa ukurasa kwa ukurasa. Anaandika dogo, jioni anahamishia kubwa. PostgreSQL inafanya hivyo hivyo, na InnoDB nayo ina daftari lake la namna hiyo. Ukisema COMMIT, hifadhidata haikimbilii kurasa za majedwali kwenye diski. Inaandika kwenye daftari dogo kwamba muamala huu umekubaliwa, inailazimisha diski ithibitishe kwamba wino umekauka, ndipo inakujibu. Kurasa zenyewe zitaandikwa baadaye, kwa nafasi yake. Umeme ukikatika mchana kweupe, hifadhidata ikiamka inafungua daftari dogo kuanzia pale madaftari mawili yalipolingana mara ya mwisho, inahamisha yale yaliyopita tangu hapo, na muamala ambao mstari wake wa kukubaliwa haupo unahesabika haukuwapo.

Uzito wote uko kwenye ule wino. Kuna diski zinazosema umekauka huku bado umo kwenye kumbukumbu yao ya muda. Na mwaka 2018 waandishi wa PostgreSQL waligundua jambo lililowakosesha raha: kwenye Linux, amri ya kukausha wino ikishindwa mara moja, ukiirudia inaweza kukujibu kwamba yote ni salama, ilhali ukurasa ulishapotea. Miaka na miaka walikuwa wakirudia amri hiyo kwa nia njema. Mwaka 2019 wakabadilisha: ikishindwa, hifadhidata ianguke pale pale, iamke, isome daftari dogo upya. Nawapenda watu hawa kwa uamuzi ule. Waliona afadhali mashine izimike mbele ya watu kuliko kutoa neno isilo na hakika nalo.

Atakuja mtu kuwaambia kuna swichi ya kuongeza kasi, hifadhidata ijibu kabla wino haujakauka. Ipo kweli, na haiharibu majedwali. Ila umeme ukikatika mnapoteza miamala ya mwisho mwisho ambayo mlishaitangaza. Itumieni kuhesabia wageni wa ukurasa. Kwenye akiba za walimu msiiguse.

Sasa tuje kwenye wavuti, mnakoishi nyinyi. Kivinjari kinaleta ombi, programu inaazima muunganisho kwenye hifadhidata, inafanya kazi yake, inaurudisha muunganisho, inajibu. Katika safari hiyo fupi, nani anasema nimekubali? Msidhani jibu ni moja. Java na PHP, mkiziacha zilivyo, kila amri inajikubalisha yenyewe ikimaliza, kwa hiyo mistari yenu miwili ni miamala miwili. Psycopg ya Python ni kinyume: amri ya kwanza inafungua muamala kimya kimya, na usiposema COMMIT kabla ya kufunga muunganisho, yote yanafutika. Mmoja wenu anakumbuka usiku aliokesha kwa sababu hiyo. Alikuwa akiandika mstari, akiusoma, akiuona, na mwenzake meza ya pili hauoni. Hakukuwa na jini. Muunganisho wako unaona maandishi yako hata kabla hujayakubalisha. Wengine wanaona baada ya kabuli tu. Django nayo ilibadilika njiani: toka toleo la 1.6, mwaka 2013, kila amri inajikubalisha papo hapo, na ukitaka mambo kadhaa yawe kitu kimoja unayafunga ndani ya atomic, au unaiagiza ifanye kila ombi zima kuwa muamala mmoja.

Agizo hilo la mwisho wengi wenu mnalipenda kwa sababu linawaondolea kufikiri. Mimi silipendi, na sababu nitaisema. Mpaka wa muamala ni mpaka wa makubaliano ya watu. Mwalimu anahamisha fedha kutoka akiba kwenda mkopo: hilo ni neno moja, mistari yake isitenganishwe. Lakini ombi la kivinjari ni bahasha tu. Ndani ya bahasha moja mnaweza kukuta makubaliano mawili yasiyohusiana, pamoja na kumbukumbu ya nani aliingia saa ngapi, ambayo inatakiwa ibaki hata malipo yakirudishwa. Na makubaliano mengine yanapita kwenye bahasha tano kwa siku mbili, kama ombi la mkopo linalosubiri wadhamini. Chora mpaka kwa kusikiliza wanaoweka fedha wanaita nini jambo moja. Nendeni kaunta mkasikilize.

Na ndani ya mpaka huo msiyameze makosa. Nimekuta msimbo unaodaka kosa la hifadhidata, unaliandika kwenye faili, unaendelea kana kwamba halikutokea. PostgreSQL ina msimamo: kosa moja ndani ya muamala, na inakataa kila amri inayofuata mpaka urudishe. Inawaudhi, najua, nimewasikia mkiilalamikia. Mngekuwa na mimi siku ile yule mama ameweka kidole kwenye risiti, mngeishukuru.

Narudi kwenye kigelegele, maana hapo ndipo mnapokosea mara nyingi zaidi, nami nilikosea kabla yenu.

Mnafungua muamala, mnapunguza akiba, mnatuma ujumbe wa simu kwa mwanachama, mnaongeza marejesho, mnakubalisha. Marejesho yakishindwa, hifadhidata inarudisha akiba kwa uaminifu kabisa. Ujumbe je? Umeshaingia kwenye simu ya mtu, na hakuna amri ya kuutoa humo. Hifadhidata inaweza kurudisha kilicho ndani yake tu. Ujumbe, barua pepe, karatasi iliyotoka kwenye printa, ombi lililokwenda kwenye mtambo wa kampuni ya simu: hivyo ni sauti iliyotoka nje ya dirisha. Kosa la jamaa moja na hilo ni kuipa programu ya pembeni kazi kabla ya kukubalisha. Inaamka haraka kuliko mlivyotarajia, inatafuta mstari namba kadhaa, haiuoni, kwa sababu kabuli bado, nayo inalalamika kwamba mwanachama hayupo.

Dawa nyepesi ni kungoja. Django ina on_commit, Rails ina after_commit: kazi iliyowekwa humo haianzi mpaka muamala umekubaliwa. Ila nayo ina tundu. Muamala ukishakubaliwa, na programu ikafa kabla ya kutuma, ujumbe umepotea na hakuna anayejua. Kwa fedha za watu nilichagua njia ndefu zaidi, mtaikuta kwenye mfumo wetu: jedwali la ujumbe unaosubiri. Ndani ya muamala ule ule unaohamisha fedha tunaandika mstari, "mpelekee huyu habari hii". Fedha zikikubaliwa, mstari umekubaliwa pamoja nazo. Zikirudi, umerudi nazo. Kisha programu ya pembeni inapita, inatuma, inaweka alama. Ikifa katikati ya kutuma na kuweka alama, mtu atapata ujumbe mara mbili. Hilo nililipima nikalikubali. Habari ya kweli iliyofika mara mbili haimuumizi mtu kama ya uongo iliyofika mara moja.

Sikutaka kuzifunga hifadhidata yetu na ya watu wengine kwenye muamala mmoja. Inawezekana, ndiyo kabuli ya hatua mbili, na ndipo bibi harusi wetu alipokuwa. Kila upande unaulizwa uko tayari, ukisema ndiyo haubanduki tena, unasubiri msimamizi alete habari ya upande wa pili. Msimamizi akikwama njiani, upande uliosema ndiyo unakaa hapo umeshika kufuli zake, hauwezi kuendelea wala kurudi. Kwa dakika chache za nikahi mtu anavumilia. Kwa seva inayohudumia watu mia kwa pamoja, hapana. Kwa sababu hiyo hiyo msifungue muamala kisha mkaenda kugonga mlango wa kampuni ya simu huku mmeushikilia. Mtandao wao ukichukua nusu dakika, mistari yenu imefungwa nusu dakika, na foleni inafika barabarani. Andika kwamba unakwenda kuuliza, kubalisha, nenda kaulize, ukirudi fungua muamala mwingine.

Lipo jambo moja linalonitisha hadi leo, na kila mwenye simu analijua. Umetuma fedha, unasubiri "Imethibitishwa", haiji. Je, zimekwenda au hazikwenda? Ukituma tena, pengine zimekwenda mbili. Usipotuma, pengine mwenye nyumba anakusubiri mlangoni. Basi jueni kwamba programu yenu nayo hupatwa na hali hiyo hiyo mbele ya hifadhidata. Mmetuma COMMIT, waya umekatika, jibu halikufika. Pengine iliandikwa na wino ukakauka, jibu likapotea njiani likirudi. Pengine haikufika kabisa. Kwa kukaa pale ulipo hakuna namna ya kujua. Kosa la muunganisho wakati wa kukubalisha halina maana ya "haikufanyika". Maana yake ni "sijui", na nimesoma misimbo mingi iliyoandikwa na watu werevu ikiligeuza "sijui" kuwa "hapana" na kurudia malipo.

Kinachookoa ni jina. Kabla hujatuma chochote, lipe jambo lenyewe namba yake: huyu mwanachama, ombi hili, namba hii. Namba iingie kwenye jedwali lisiloruhusu namba kujirudia, ndani ya muamala ule ule wa fedha. Ukiwa na shaka, rudia kwa namba ile ile. Kama ya kwanza ilikubaliwa, hifadhidata itakataa ya pili, na kukataa huko ndiko kutakakokupa habari uliyoikosa. Majibu ya kampuni za simu nayo yapokeeni hivyo hivyo, maana jibu la malipo moja linaweza kuja mara mbili, na mara nyingine la pili linatangulia la kwanza.

La wawili kwa pamoja nitalisema kwa kifupi, mnalijua zaidi yangu. Mume na mke wana akaunti moja ya kikundi, ina 100,000. Kila mmoja na simu yake, sekunde ile ile, anatoa 80,000. Programu inasoma salio, inaona linatosha, inapiga hesabu, inaandika 20,000. Mara mbili. Zimetoka 160,000, na hifadhidata haijaona kosa lolote: kwa kiwango cha kawaida cha PostgreSQL kila muamala ulisoma kilichokubaliwa na kuandika kilicho halali. Msisome kisha mkahesabu nje. Iambieni hifadhidata yenyewe ipunguze 80,000 pale salio linapofika 80,000 au zaidi, kisha mtazame ni mistari mingapi imeguswa. Ikiwa sifuri, fedha hazitoshi. Au fungeni mstari kwa FOR UPDATE kabla ya kusoma. Na vyovyote vile wekeni sharti kwenye jedwali kwamba salio lisishuke chini ya sifuri, kwa ajili ya siku mtakayosahau hayo mawili. Mkifunga mistari miwili, fungeni wenye namba ndogo kwanza, kila mahali, la sivyo mmoja atashika mkono wa kulia wa mwenzake na mwenzake wa kushoto, na PostgreSQL italazimika kumuua mmoja ili mwingine apite. Aliyeuawa hana kosa. Mrudieni tangu mwanzo.

Na kilichokwisha kukubaliwa msikifute. Nimewahi kuombwa na bosi mmoja niingie ndani ya jedwali nibadilishe salio la mtu "taratibu tu", kwa kuwa lilikosewa. Nilikataa. Nikahi ikishapita, haifutwi kwa kuchana cheti. Kuna talaka, nayo ina mashahidi na tarehe yake. Muamala uliokosewa unarekebishwa kwa muamala mwingine wa kinyume, unaotaja namba ya ule wa kwanza na sababu. Zile 40,000 za mwalimu zilirudi namna hiyo, mistari miwili mipya, na ule uliokosewa bado upo hadi leo, mtu yeyote anaweza kuusoma.

Kazi moja naiacha haijaisha. Makato ya mwisho wa mwezi yanaendeshwa kama muamala mmoja mrefu kwa walimu wote, na mwalimu mmoja mwenye namba iliyokosewa anawarudisha wote usiku wa manane. Nimeanza kuukata: kila mwalimu na muamala wake, akiba, mkopo na hisa zake vikiwa pamoja bila kutenganishwa, na jozi ya mwalimu na mwezi haijirudii, ili ikifia katikati muiwashe tena bila kumkata mtu mara mbili. Akiba na mkopo nimemaliza. Hisa bado. Risiti ya yule mama iko droo ya chini, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na ufunguo wa akiba wa chumba. Mkishamaliza hisa, iendesheni kwenye seva ya majaribio, chomoeni waya katikati, iwasheni tena, mhesabu shilingi kwa shilingi. Fanyeni mara tatu, na waya uchomolewe mahali tofauti kila mara. Ikikubali, basi mwezi ujao iwekeni.

Mama yenu,
Tanga